Adimu kwa Nani?

Kuna jibu moja nimelisikia mpaka limenichosha. Mtu akitaja utafiti wa jeni na magonjwa adimu hapa Kenya, hata kabla hajamaliza sentensi, msee fulani anaruka: "Hizo ni anasa za wazungu. Sisi kwanza tumalize malaria." Watu wanaitikia kwa kichwa, wanalaiki, wanasonga.

Mimi siitikii. Hilo jibu ni la uvivu, nusu yake ni uongo, na kuna watoto wanalilipia. Kaa hapo nikuonyeshe.

Tuanze na hilo neno lenyewe. Adimu. Adimu kwa nani?

Marekani, ugonjwa unaitwa adimu ukiwa na wagonjwa chini ya 200,000 nchini mwao. Ulaya wao wanasema usizidi mtu 1 kati ya 2,000. Sawa. Sasa chukua selimundu, ule ambao wengi tunauita sikoseli. Marekani wenye huo ugonjwa wanakadiriwa kuwa karibu 100,000, kwa hivyo kwa vitabu vyao ni ugonjwa adimu. Haya, panda gari uende Kisumu, Siaya, Homa Bay ama Busia. Ama ushuke Pwani ufike Kilifi. Mtafute mathe mmoja wa huko ambaye mwaka huu pekee amelala wodini na mtoto mara tatu, umwambie ugonjwa wa mwanawe ni adimu. Atakuangalia tu.

Kwake huo ugonjwa haujawahi kuwa adimu. Tepu iliyotumika kuupima ndiyo si yetu.

Na yale magonjwa mengine ambayo kweli kila moja lina watu wachache? Yanajulikana zaidi ya 6,000 duniani. Mengi yanatoka kwenye jeni na mengi yanaanza utotoni. Ukichukua moja moja, ni watu kidogo. Ukiyajumlisha, ni watu wanaokadiriwa kufika milioni 300. Hiyo ni zaidi ya Kenya tano.

Sasa niambie, wetu wako wapi? Wako hapa hapa. Wako kwa ile nyumba yenye mtoto ambaye majirani hawajawahi kumwona akicheza nje. Wako kwa yule kijana ambaye misuli yake ilianza kuisha akiwa darasa la tatu na watu wakasema amerogwa. Wako kwa ile familia imezika watoto wachanga watatu, na kila matanga jibu ni lile lile: mkosi.

Kitu ambacho hakijapimwa hakina jina. Na kitu kisicho na jina, hapa kwetu kinapewa jina haraka sana: laana. Na laana lazima iwe na mwenyewe, na mwenyewe, ajabu, kila mara ni mama. Alikula nini akiwa na mimba? Alimkosea nani? Kwao kuko aje? Baba anaanza kulala nje, shangazi wanaanza vikao, na mtoto anazungushwa kutoka kwa mganga hadi kwa nabii hadi kwa zahanati ambayo inampa dawa ya minyoo.

Wacha nikupe biolojia kidogo, na hii ni ya kuwabeba akina mama wote waliowahi kufukuzwa. Karibu kila jeni unaibeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kwa magonjwa mengi ya kurithi, nakala moja ikiwa na kasoro, ile nyingine inashikilia kazi na wewe hata hujui. Unaishi fiti, unacheza boli, unazeeka. Lakini wabebaji wawili wakipata mtoto, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kupata nakala zote mbili zenye kasoro. Sikoseli inafuata hiyo njia. Kwa hivyo yule baba anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya mtoto wa sikoseli anamfukuza mtu kwa kitu ambacho nusu yake kilitoka kwake mwenyewe. Huo ndio ukweli, na hakuna kikao cha shangazi kinachoweza kuubadilisha.

Sasa tuje kwa hiyo sayansi mnayoiita anasa.

Jenomu yako ni kama kitabu kikubwa kilichoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Kina herufi bilioni 3 hivi. Sikoseli nzima, yale maumivu yote, ile damu ya kuongezwa kila saa, inatokana na herufi moja kwenye jeni ya hemoglobini: palipokuwa na A pakawa na T. Herufi moja, buda. Mradi wa kwanza wa kusoma kitabu cha binadamu ulianza 1990, ukatangazwa kukamilika 2003, na uligharimu karibu dola bilioni 3. Leo kusoma jenomu ya mtu mmoja ni chini ya dola 1,000. Kuna simu watu wanabeba kwa matatu zinazoshinda hiyo bei.

Kwa hivyo kusoma si shida kubwa tena. Shida ni kuelewa ulichosoma.

Kila mtu akisomwa, anapatikana na tofauti milioni 4 hadi 5 ukilinganisha na kile kitabu cha mfano wanachotumia wanasayansi. Karibu zote hazina neno, ndizo zinatufanya tusifanane. Daktari anayemtafutia mtoto jibu anatakiwa kujua ni ipi kati ya hizo mamilioni ndiyo inamuumiza. Atajuaje? Analinganisha na watu wengine. Tofauti ikipatikana kwa watu wengi wazima wenye afya, anaiweka kando. Isipopatikana kwa mtu mwingine, anaishuku.

Umeona shimo liko wapi? Ikiwa hao "watu wengine" wote wanatoka upande mmoja wa dunia, kila kitu cha kawaida kwetu kinaonekana cha ajabu. Ni kama mwalimu anayesahihisha insha ya mtoto wa Lamu kwa kutumia Kiswahili cha mtaa mmoja wa Nairobi. Kila neno asilolijua anachora nyekundu, na mtoto hajakosea kitu.

Na hiyo si hadithi ya kutunga. Mwaka 2009, watu waliokuwa kwenye zile tafiti kubwa zinazotafuta uhusiano wa jeni na magonjwa walikuwa na asili ya Ulaya kwa 96%. Mwaka 2016 walihesabu tena, wakapata 81%. Wenye asili ya Afrika? 3%. Bara lenye watu zaidi ya bilioni moja, pamoja na ndugu zetu wote waliotawanyika duniani, asilimia 3.

Halafu matokeo yake ni haya. Mwaka huo huo wa 2016, jarida kubwa la madaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti kuhusu ugonjwa wa moyo unaofanya misuli ya moyo iwe minene, ule unaoweza kumwangusha mwanariadha uwanjani. Kuna Wamarekani weusi waliopimwa jeni wakaambiwa wana mabadiliko yanayoleta huo ugonjwa. Kumbe hayo mabadiliko ni ya kawaida kwa watu weusi na hayana madhara. Kama watu weusi wa kutosha wangekuwa kwenye data ya kulinganisha tangu mwanzo, hilo kosa lingeonekana mapema. Fikiria hiyo: unaambiwa moyo wako una bomu, unaacha michezo, watoto wako nao wanaanza kuchunguzwa, na bomu halipo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyumbani, na unamhusu mtu ambaye kila kijana wa Afrika anafaa kumjua jina: Ambroise Wonkam. Ni daktari wa jenetiki kutoka Cameroon. Alisomea udaktari Yaoundé, akafanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Cape Town, na baadaye akaenda kuongoza idara ya tiba ya jenetiki pale Johns Hopkins, Marekani. Kazi yake kubwa imekuwa mambo mawili: sikoseli na uziwi wa kuzaliwa nao.

Kwa watu wenye asili ya Ulaya, kuna jeni moja inaitwa GJB2 ambayo inabeba sehemu kubwa sana ya uziwi wa kurithi. Kwa hivyo kipimo cha kwanza kule ni hicho. Ni rahisi, ni haraka, na familia nyingi zinapata jibu. Sasa Wonkam na wenzake wakapima watoto viziwi wa Cameroon na Afrika Kusini kwa jeni hiyo hiyo. Hawakupata kitu. Hata hapa kwetu, utafiti uliochapishwa 2004 kuhusu Kenya na Sudan ulikuwa umeonyesha mabadiliko ya GJB2 ni machache sana kwa watoto wetu viziwi. Na si kwamba Afrika nzima ni sawa: Ghana kuna kijiji kinaitwa Adamorobe, kinajulikana kwa kuwa na viziwi wengi, na kule jeni inayohusika ni hiyo hiyo GJB2, lakini ikiwa na badiliko lake lenyewe.

Unaelewa maana yake? Ukichukua kipimo kilichotengenezwa kwa mtoto wa London ukakileta Kisumu, kitakupa karatasi safi iliyoandikwa "hakuna kitu". Mzazi atalipa, atarudi nyumbani bila jibu, na huko anangojwa na jibu lingine. Laana.

Ndiyo maana Februari 2021 Wonkam aliandika kwenye jarida la Nature pendekezo ambalo watu wengine waliliona la kichaa: tusome jenomu milioni 3 za Waafrika. Alikadiria itagharimu kama dola milioni 450 kila mwaka kwa miaka 10. Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu binadamu ameishi Afrika muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa hivyo sisi ndio wenye tofauti nyingi zaidi. Waliotoka kwenda kujaza dunia walibeba sehemu tu ya utajiri uliokuwa hapa. Na kuna ushahidi. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa H3Africa walichapisha jenomu za watu 426 kutoka jamii 50 za bara hili. Watu 426 tu, hata hawajazi ukumbi wa shule. Walipata tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo sayansi haikuwa imewahi kuziandika mahali.

Watu 426 walifungua milioni 3. Halafu mtu ananiambia hatuna cha kutafuta.

Sasa turudi kwa yule msee wa "kwanza tumalize malaria". Sitamdharau, maana kuna kitu cha kweli anachosema. Kuna zahanati hazina glavu. Kuna kina mama wanajifungua njiani. Ukisimama mbele ya bajeti kama hiyo ukisema unataka mashine ya kusoma jenomu, ni lazima uwe na sababu. Ninazo tatu.

Ya kwanza: malaria yenyewe ni stori ya jeni. Sikoseli ilienea huku kwetu kwa sababu mbebaji wa nakala moja analindwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana ramani ya sikoseli na ramani ya malaria zinafanana, Ziwa Victoria na Pwani. Kuna kingine. Kilifi, kwenye kituo cha KEMRI-Wellcome, watafiti walifuatilia aina ya damu inaitwa Dantu. Sehemu nyingi za dunia hiyo damu ni adimu kabisa. Kilifi si ajabu kuikuta. Mwaka 2020, mtafiti Silvia Kariuki na wenzake walionyesha kwenye Nature kwamba Dantu inakaza ngozi ya chembe nyekundu za damu, kimelea cha malaria kinashindwa kuingia. Somo kuhusu malaria, ugonjwa ule ule mnaosema tuumalize kwanza, limepatikana kwa kusoma damu ya watoto wa Pwani.

Ya pili: hii sayansi inaokoa watoto wa kawaida kwa dawa za kawaida. Haidroksiurea ni dawa ya zamani. Marekani iliidhinishwa kwa watu wazima wenye sikoseli mwaka 1998. Watoto wa Afrika walikuwa wakinyimwa kwa hofu kwamba pengine itawaongezea malaria. Utafiti ukafanywa Angola, Congo, Uganda na hapa Kenya, Kilifi, ukachapishwa 2019. Matokeo? Maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria nayo ikapungua. Miaka 20 mtu mwingine amekuwa akimeza kidonge, na mtoto wetu anangoja kwa sababu hakuna aliyemjumuisha kwenye swali.

Ya tatu: damu yetu tayari inafanya kazi, ila inawafanyia wengine. Kule Dallas, Texas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen waligundua kwamba Wamarekani weusi kadhaa wana mabadiliko kwenye jeni inaitwa PCSK9, na hao watu wana mafuta mabaya kidogo sana kwenye damu. Mwaka 2006 walionyesha kwamba wana hatari ndogo mno ya ugonjwa wa moyo, pungufu kwa 88%. Ugunduzi huo ulisukuma utengenezaji wa dawa mpya za kuzuia PCSK9, na zilipoingia sokoni 2015 bei ilikuwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka. Sasa uliza ni Wakenya wangapi wenye shida ya moyo wamewahi hata kuiona hiyo sindano. Kwa hivyo usiniambie jeni za watu weusi ni anasa. Ni mtaji. Swali ni mtaji wa nani.

Hapo najua kundi la pili limeamka: "Si ndiyo maana tunakataa? Watatuibia DNA."

Na nyinyi pia mna haki ya kuogopa. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, kilidai sampuli za DNA za Waafrika zirudishwe kutoka taasisi ya Sanger ya Uingereza, baada ya madai kwamba kulikuwa na mpango wa kuzitumia kibiashara bila ruhusa inayofaa. Sanger walikana kufanya kosa, lakini moshi ulikuwa umeonekana. Na hapa Nairobi, 2023, si tuliona watu wamepanga foleni KICC kuangaliwa mboni za macho na Worldcoin wapate kitu kama shilingi 7,000, mpaka serikali ikaja kusimamisha Agosti? Vijana wengi kwa hiyo laini hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa. Na mtu mwenye njaa ukimwuliza "unakubali masharti?" atakubali.

Lakini dawa ya mwizi si kubomoa nyumba. Ni kuweka mlango na kufuli, na ufunguo ubaki kwako. Wasan wa Afrika Kusini, ambao wamechunguzwa na watafiti wa kila aina kwa miaka, mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili: ukitaka kutufanyia utafiti, hizi ndizo sheria, na utarudi kutuambia ulichopata. Hawakusema usije. Walisema utabisha hodi. Sisi tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na imetaja wazi data ya jeni kama data nyeti. Kufuli iko. Kazi ni kuona inafungwa kweli.

Na tusidanganyane kuhusu mwisho wa safari. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba ya kuhariri jeni kwa wagonjwa wa sikoseli, wiki chache baada ya Uingereza. Bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa dola ya shilingi 130, hiyo ni milioni 286. Hakuna harambee ya kufika hapo. Kwa hivyo ukisikia mtu akishangilia kwamba "sikoseli imepata tiba", muulize imepata tiba wapi. Ugonjwa ni wetu zaidi kuliko wao, na tiba iko mahali ambapo ugonjwa unaitwa adimu.

Hiyo ndiyo sababu nataka tuanze chini, kwa vitu vya bei ya kawaida, na tudai kwa sauti.

Tudai kila mtoto anayezaliwa kwenye kaunti zenye sikoseli nyingi apimwe. Ni tone la damu la kisigino. Marekani walianza kupima watoto wachanga hivyo miaka ya 1960, kwa ugonjwa mwingine. Mtoto anayejulikana mapema anapewa kinga na dawa mapema. Asiyejulikana anazikwa kabla hata hajapewa jina la ugonjwa.

Tudai haidroksiurea ipatikane kwa hospitali ya kaunti, na iwe kwa bima, si kwa barua ya kuomba msaada.

Tudai daftari la kitaifa la magonjwa adimu. Huwezi kupangia bajeti watu ambao hujawahi kuwahesabu. Na wawepo washauri wa jenetiki wanaoweza kukaa na familia wakaieleza kwa Kiswahili, Dholuo, Kigiriama, kwamba hakuna aliyeroga mtu.

Tudai jenomu zetu zisomwe hapa, na watu wetu, na zikae hapa. Usiniambie hatuwezi. Wakati wa korona, maabara ya Kilifi ilikuwa inasoma jenomu za kirusi hapa hapa Kenya na kuambia nchi ni aina gani inazunguka. Mikono iko. Vichwa viko. Wengi wao wanaishi kwa mikataba ya wafadhili wa nje, na mfadhili akigeuka, labu inazima taa.

Na pesa? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilisema mfuko wa kitaifa wa utafiti upewe 2% ya pato la taifa kila mwaka. Iko kwa karatasi. Mwaka 2024 kizazi hiki kilisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, tukautafsiri, tukaurusha TikTok mpaka bibi kijijini akauelewa. Basi tushinde tumesoma na hiyo ya 2013. Tumwulize mbunge wetu swali moja: hiyo 2% iko wapi?

Halafu kuna yale hayangoji serikali. Jua kama wewe ni mbebaji wa sikoseli. Si ili umwache mtu unayempenda, ni ili msishtukizwe. Acha kurekodi watoto wa wenyewe na kuwapostia na wimbo wa huzuni eti "Mungu wangu, laana gani hii". Ukiwa kampasi unafikiria kozi, kuna kitu kinaitwa bioinfomatiki, ni kompyuta na biolojia pamoja, na bara hili linahitaji watu wake vibaya sana. Na mathe wa ploti yenu mwenye mtoto haongei, haketi, hatembei, ukimpita asubuhi, msalimie na umwulize mtoto ameamkaje. Wengi hawamuulizi.

Kwa hivyo msee akikuambia tena "kwanza tumalize malaria", usimtukane. Mwambie kuhusu damu ya watoto wa Kilifi. Kisha umuulize nani alimwambia hivyo ni vita viwili.